Boila ya treni ndogo inavuja kwenye mirija: nizibe kwa risasi?

SWALI: Natengeneza boila ya kopa ya kichwa cha treni cha mfano. Pipa lina kipenyo cha mm 100 na unene wa mm 2.5, presha ya kazi ni bar 5, moto ni wa makaa ya mawe. Mirija alinichomea fundi friji wa Gerezani kwa fimbo zake za kuchomelea. Nimewasha mara chache tu, sasa inavuja upande wa sanduku la moto. Nizibe kwa risasi? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Usiguse risasi, ndugu yangu. Ikishaingia hapo, solda ya fedha haitashika tena, na sahani nzima inayoshika mirija utaitupa. Tena mvuke wa bar 5 una nyuzi 159 hivi, na solda ya kawaida ya risasi na bati huanza kuyeyuka kwenye 183. Maji yakipungua kidogo, viungo vinaachia.

Mkono wa fundi hauna kosa, fimbo ndiyo si ya kazi hii. Fimbo nyingi za friji ni kopa yenye fosforasi. Kwenye friji zinadumu, lakini salfa ya moshi wa makaa hukila kiungo cha namna hiyo mpaka kinavuja.

Toa mirija, kwangua mabaki mpaka kopa tupu ionekane, loweka kwenye asidi ya sitriki, suuza. Weka mirija mipya ukiacha nafasi ya mm 0.1 kwenye tundu. Tumia solda yenye fedha asilimia 55 pamoja na fluksi yake (dawa inayosaidia solda ishike), isiyo na kadimiamu, maana moshi wa kadimiamu ni sumu.

Kopa hukimbiza joto, kwa hiyo pasha boila zima kwa kichomeo kikubwa, limezungushiwa matofali yanayostahimili moto. Fluksi itatoa mapovu, iwe nyeupe, kisha itulie na kuwa wazi kama maji. Hapo ndipo uguse fimbo. Iyeyushwe na kopa, si na mwali. Utaona mstari unaong'aa ukiuzunguka mrija. Haujakamilisha duara? Usihamie mwingine.

Soketi za geji na valvu ya usalama zikiwa za brasi, weka za bronzi. Brasi hupoteza zinki ndani ya boila na kubaki dhaifu.

Mwisho, jaza maji baridi, toa hewa yote, pampu kwa mkono hadi bar 10. Weka rula kwenye kuta bapa za sanduku la moto: zikivimba, stei (vijiti vinavyozishikilia kuta hizo) hazitoshi. Kompresa usiitumie kabisa, kwani hewa iliyobanwa hulipua boila, wakati maji yakipata ufa presha hushuka papo hapo. Usiwashe moto kabla geji haijatulia kwenye 10 kwa nusu saa nzima.