Sabufa inayoua chipu: pima kwanza kabla ya kununua ya tatu

Swali: Mzee fundi, salamu kutoka Arua. Sabufa yangu ya nyumbani, ile ya boksi moja kubwa na spika mbili ndogo, iliharibika siku umeme ulipokatika ukarudi kwa kishindo. Iliunguruma, spika kubwa ikaruka mbele ikakwama hapo hapo, harufu ya kuungua ikatoka. Fundi wa sokoni aliweka chipu mpya ya TDA2030, ile ya kukuza sauti. Ikalia siku mbili, ikafa. Nikanunua nyingine nikaiweka mwenyewe, haikumaliza dakika tano, na fyuzi ikakatika. Spika ndogo zilikuwa zinalia vizuri mpaka fyuzi ilipokatika. Nina mita na chuma cha lehemu. Je, ninunue chipu ya tatu au bodi nzima?

Jibu: Kijana wangu, usinunue chochote bado. Chipu mbili zimekufa mahali pamoja na spika ndogo zilikuwa zikilia. Hiyo inaonyesha kwamba bodi kwa sehemu kubwa ni nzima, na kuna kitu kinachoua chipu ya spika kubwa. Ukiweka ya tatu bila kukitafuta kitu hicho, nayo itakufa.

Kwanza usalama wako. Ndani ya boksi hilo kuna sehemu moja inayoweza kukuua: pale waya wa ukutani unapoingia kwenye swichi, fyuzi na transfoma. Hapo kuna volti 240. Funika viungo hivyo kwa tepu ya umeme, na usiguse chochote ndani kabla ya kuchomoa plagi. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Tena, sabufa nyingi huja na plagi ya miguu miwili, na watu huingiza kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ile iingie. Acha kabisa mchezo huo, nunua adapta. Kapasita kubwa, yaani vile vikopo vinavyohifadhi umeme kwenye bodi, nazo hubaki na chaji baada ya kuchomoa. Zimalize kwa rezista ya omu 100, ya wati 5 ukiipata. Usizimalize kwa bisibisi, maana hutoa cheche na kuchoma njia za shaba.

Sasa tengeneza kifaa ambacho nakithamini kuliko mita: balbu ya mfululizo. Chukua ekstensheni, kata waya wa moto (laivu), unganisha hapo soketi ya balbu, uweke balbu ya wati 60 ya zamani, ile yenye uzi ndani inayopata moto. Balbu ya LED haifai. Ukichomeka sabufa kupitia hapo, balbu ikiwaka mara moja kisha ikafifia, hakuna shoti kubwa. Ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti, lakini balbu imebeba umeme wote na hakuna kilichoungua. Fyuzi nayo itapona. Ukibadilisha fyuzi, weka ya ampea zile zile zilizoandikwa. Ukiweka waya wa shaba badala yake, siku ya shoti kitakachoungua ni transfoma, na boksi la mbao liko pembeni yake.

Nenda kwenye spika kubwa. Uliposema imeruka mbele ikakwama, nilijua chipu ya kwanza ilikufa vipi. Ilipata shoti ndani, ikapeleka umeme wa upande mmoja moja kwa moja kwenye koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni ya spika. Volti 17 kwenye spika ya omu 4 ni zaidi ya wati 70 za joto tupu, bila sauti yoyote. Koili huungua vanishi yake, na mizunguko ya waya hugusana. Spika ya namna hiyo bado inaweza kulia, lakini chipu inaiona kama karibu na shoti. Chomoa nyaya za spika, weka mita kwenye omu. Spika nzima ya omu 4 husoma kati ya 3 na 4. Ikisoma 1 au chini, umempata muuaji. Kisha sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili: ikikwaruza, koili imevimba. Niliwahi kupoteza chipu kadhaa kwenye sabufa ya jirani kabla ya kupima spika yake, na tangu siku hiyo spika ndiyo kipimo changu cha kwanza.

Jambo la pili linahusu chipu uliyoiweka mwenyewe, kwa sababu fyuzi ilikatika haraka mno. Bati la mgongoni mwa TDA2030 limeungana ndani na mguu wa 3. Kwenye bodi yenye umeme wa pande mbili, wa juu ya sifuri na wa chini ya sifuri, mguu huo ni volti hasi. Kipoza joto kikiwa kimefungwa kwenye bati la nyuma la sabufa, ambalo limeungana na graundi (ile sifuri ya bodi), chipu bila karatasi ya maika ya kuzuia umeme ni shoti kamili. Je, ulipoiondoa ya zamani kulikuwa na kipande chembamba kinachong'aa nyuma yake, na kipete cha plastiki kwenye skrubu? Wengi hukitupa wakidhani ni takataka. Pima: plagi imechomolewa, kapasita hazina chaji, mita iwe kwenye mlio, ncha moja kwenye bati la chipu na nyingine kwenye graundi. Ikilia, maika haipo au imetoboka. Weka mpya, pamoja na dawa nyeupe ya kupozea kidogo kila upande.

Spika na maika zikiwa sawa, toa chipu iliyokufa na upime umeme wenyewe. Ukiitazama chipu upande wa maandishi, mguu wa 1 uko kushoto. Ncha nyeusi ya mita ikae kwenye graundi muda wote. Tundu la mguu wa 5 lionyeshe volti chanya, la mguu wa 3 hasi, na zikaribiane. Upande mmoja ukiwa 17 na mwingine 9, tafuta dayodi au kapasita iliyochoka.

Soma pia maandishi ya transfoma. Nyingi zimeandikwa 220, kwa sababu zimetengenezwa kwa umeme wa China, na sisi Uganda tuna 240. Transfoma ya 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa sifuri, hapo hutoa 13 na kidogo, na baada ya dayodi na kapasita unapata takriban 18 kila upande, hata zaidi sauti ikiwa chini. TDA2030 ya kawaida mwisho wake ni volti 18 kila upande. TDA2030A huvumilia mpaka 22, na miguu ni ile ile. Kwa hiyo ukifika dukani taja hiyo herufi A, na nunua kwa mtu atakayekubali uirudishe, maana chipu zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya zipo sokoni.

Kabla ya kuiweka, geuza bodi utazame lehemu kwa mwanga mkali. Bodi inayokaa ndani ya boksi la spika hutikiswa kila siku, na viungo vya kapasita kubwa na vya miguu ya chipu hupata nyufa za mviringo. Viyeyushe upya vyote. Ni kazi ya dakika kumi.

Ukishaweka chipu mpya, usirudishe spika kubwa bado. Washa kupitia balbu, pima mguu wa 4, ule unaokwenda kwenye spika. Lazima uwe karibu na sifuri, chini ya volti 0.1. Ukiwa hapo, unganisha spika, piga sauti ya chini nusu saa, zima, chomoa, kisha gusa kipoza joto: kiwe vuguvugu. Mguu wa 4 ukikataa kushuka, usiunganishe spika. Niandikie namba nne: mguu wa 3, wa 4, wa 5, na omu za spika.