Redio ya benga ya intaneti: leseni kwanza

Ndugu yangu wa Kondele, umeuliza kama redio yako ya benga ya intaneti inadaiwa mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, ilhali wasikilizaji wako hawafiki mia mbili. Inadaiwa. Kununua CD hakukupi ruhusa ya kuurusha wimbo hewani.

Wimbo mmoja una wenyewe kadhaa: mtunzi, waimbaji na wapigaji, na aliyegharamia rekodi. Kwa miaka mingi vyama vitatu vya Kenya ndivyo vimewakusanyia mirabaha: MCSK cha watunzi, PRISK cha waimbaji na wapigaji, na KAMP cha wenye rekodi. Leseni za vyama hivyo hutolewa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, nazo hubadilika, basi usimpe wakala hata shilingi kabla hujaiuliza KECOBO nani ana leseni mwaka huu.

Andika kila wimbo unaoucheza. Bila orodha hiyo, mzee wa gita kule Siaya atakosa haki yake hata kama umelipa, na hilo linaniuma sana.

Uliza pia ada inapimwaje. Marekani mwaka 2007 ada ilipandishwa, ikihesabiwa kwa kila wimbo na kila msikilizaji. Tarehe 26 Juni redio nyingi za intaneti zikanyamaza siku nzima kupinga. Ada ya namna hiyo itakulemea siku watu wetu walio ughaibuni watakapoigundua redio yako.