Barua kwa mwanangu: kuhusu wiki ya upasuaji wa midomo wazi

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama wiki moja ya likizo inatosha kuja na timu yenu ya Marekani kufundisha upasuaji wa mdomo wazi, yaani mdomo wa juu uliopasuka tangu kuzaliwa, katika hospitali ya mkoa hapa nyumbani. Inatosha, mkija kufundisha kweli. Mkija kuhesabu watoto mliowashona, heri mbaki huko.

Kabla ya tiketi, shughulikieni usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Kisha muulize mganga mfawidhi ni daktari yupi na mtaalamu yupi wa usingizi watakaokuwa nanyi wiki nzima, bila zamu nyingine. Wawe walewale hadi mwisho. Wanafunzi watano wakipokezana, hakuna ambaye mkono wake utazoea.

Meza moja, watoto watatu kwa siku, basi. Siku ya kwanza mgeni ashone, mwenyeji asaidie. Ya pili wabadilishane. Kuanzia ya tatu koleo ya sindano isirudi kwa mgeni isipokuwa mtoto yuko hatarini. Mdomo unaokuchukua wewe saa moja utamchukua yeye mbili. Vumilia, mama, hapo ndipo anapojifunza.

Mtoto awe na angalau wiki 10, kilo 4.5 na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) gramu 10 kwa desilita. Mwenye mafua arudi akishapona. Maziwa ya mama yakome masaa 4 kabla ya dawa ya usingizi, maji masaa 2, na wadogo watangulie, maana kichanga akifunga hadi alasiri sukari inashuka.

Lignokaini yenye adrenalini, yaani dawa ya ganzi, isizidi miligramu 7 kwa kilo. Mtoto wa kilo 5 anapata 35 tu: mililita 3.5 za asilimia 1, lakini 1.75 za asilimia 2. Vichupa vinafanana! Anayevuta dawa asome kibandiko kwa sauti, mwenzake athibitishe.

Ninachokiogopa zaidi ni chachi ya kooni, ile inayowekwa kuzuia damu isishuke. Ikisahaulika, mrija wa kupumulia ukishatolewa mtoto anaziba pumzi. Mkia wake uachwe nje ya mdomo, nesi aandike ubaoni CHACHI KOONI, na asifute mpaka aione kwa macho yake.

Kaakaa iliyopasuka iacheni kwa safari ya pili. Na hata hapo ifanywe Jumatatu, kwa kuwa damu na kuziba kwa njia ya hewa huja usiku wa kwanza, na mnatakiwa muwe bado mpo.

Fundisheni kwa nyuzi ambazo stoo ya hospitali huagiza. Mkitumia za kwenu, sanduku likiisha daktari anabaki na ujuzi asioweza kuutumia. Mashine za volti 110 msibebe bila transfoma, zitaungua kwenye 230 zetu. Leteni vipimo vya oksijeni vya ukubwa wa watoto wachanga. Kibanio cha mtu mzima hakishiki vizuri kidole cha kichanga na namba zake hudanganya.

Nitumie orodha ya vifaa kabla hamjafunga masanduku, niipitie na nesi wa chumba cha upasuaji.

Mama yako