Dar na Unguja kwa begi la mgongoni wakati wa joto

Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, pwani huwaka. Dar hufika nyuzi 32 au 33 mchana, na kwa unyevu ule wa hewa jasho halikauki. Kadiri Machi inavyokaribia jua la adhuhuri husimama utosini, hata ukuta wa ghorofa nne hauna kivuli cha kujibanza. Mwenye begi mgongoni katika hali hiyo asijichoshe na orodha ndefu ya vivutio. Apange saa. Tangu alfajiri hadi saa nne atembee, saa sita hadi tisa ajifiche, jioni atoke tena. Akishafika Unguja anaongeza swali moja tu: leo maji yanajaa saa ngapi?

Begi la lita 35 hadi 40 linatosha kwa wiki nzima, na likijaa lisizidi kilo 8. Wengi hukosea kwenye jinzi. Ukiifua Dar usiku, asubuhi bado ni mbichi, na ukiivaa hivyo hivyo mapaja yanachubuka kabla hujafika kituoni. Chukua suruali mbili nyepesi, fulana tatu, shati moja la mikono mirefu, na kopo dogo la mafuta ya mgando kwa ajili ya hiyo michubuko. Kikoi au kanga moja inafanya kazi ya taulo, shuka, stara na kivuli. Kumbuka pia kwamba jasho la mgongo hupenya begi na kulowesha yaliyo upande wa ndani: simu, hati na fedha ziwe ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usibebe mifuko ya rambo. Bara ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar ilitangulia miaka mingi kabla ya hapo.

Maji ni lita tatu kwa siku kwa mtu anayetembea. Beba pakiti mbili au tatu za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), kila moja kwa lita moja ya maji safi. Zikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa vinafanya kazi hiyo. Kichwa kikianza kugonga na mkojo ukawa wa rangi ya chai, usisubiri kiu. Kaa kivulini, unywe kidogo kidogo.

Dar inatosha siku mbili. Anayetoka Dodoma au Morogoro kwa treni ya SGR ana bahati, kwa sababu anashukia katikati ya mji na bandari haiko mbali. Anayekuja kwa basi anashushwa stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, na kutoka hapo hadi mjini bado ana safari nyingine. Njia ya mabasi ya mwendokasi hutoka Kimara hadi Kivukoni. Ipande kabla ya saa kumi na mbili asubuhi au baada ya saa nne. Katikati ya hapo watu husimama wamebanana, na begi likiwa mgongoni mikono ya wengine inalifikia kwa urahisi kuliko yako. Likiletwa kifuani unaliona, na jirani hapigwi nalo usoni.

Soko la samaki la Feri liendee alfajiri, mnada ukiwa umepamba moto na jua bado dogo. Kamera iache begini: Ikulu ni jirani, na kupiga picha eneo hilo ni kujitafutia maswali. Ukitoka hapo unaweza kuvuka kwa pantoni hadi Kigamboni kupunga upepo na kurudi, safari ya dakika chache tu. Saa za mchana zinafaa Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, au kwa mama ntilie mwenye kibanda chenye kivuli. Chagua sufuria inayofuka mvuke. Joto hili huharibu wali wa nazi haraka, kwa hiyo ule wa saa tano si ule wa saa kumi.

Boti ya Unguja huchukua saa mbili hivi. Kwa mwendokasi, shuka Posta ya Zamani, fuata barabara ya Sokoine hadi lango la boti. Tiketi inunuliwe dirishani kwa kampuni yenyewe au kwenye mtandao wake, siku moja kabla. Anayekukimbilia barabarani kwamba "boti imejaa, njoo huku" anataka kamisheni tu. Tiketi ina jina lako, kwa hiyo kitambulisho kiwe mkononi (asiye Mtanzania awe na pasipoti), nawe uwe getini saa nzima kabla ya boti kung'oa nanga. Wageni kutoka nje wanadaiwa pia bima ya safari ya Zanzibar iliyoanza Oktoba 2024. Walipe mtandaoni mapema badala ya kutoa jasho kwenye foleni.

Sasa kuhusu kichefuchefu, maana hapa ndipo safari za wengi huharibikia. Msimu huu unavuma kaskazi, upepo utokao kaskazini, kwa hiyo boti inayoelekea Unguja inaukabili upepo na mawimbi, na inayorudi Dar inasukumwa. Miezi ya kusi, upepo utokao kusini, mambo hugeuka. Upepo kwa kawaida huongezeka mchana, basi kwenda chukua boti ya kwanza ya asubuhi. Keti sehemu ya nyuma, katikati, kwani mbele ndiko boti inakopanda na kushuka zaidi. Macho yatazame upeo wa bahari, simu iwekwe mfukoni. Dawa ya kichefuchefu hunywewa nusu saa au saa moja kabla; ukiinywa tayari unatapika umechelewa. Kula kitu kikavu kidogo, usiende na tumbo tupu wala na supu ya kongoro.

Ukishuka Malindi, bandari ya Unguja, papasi (madalali wa wageni) watakupokea. Salimia, shukuru, endelea kutembea kama mtu anayejua aendako. Mji Mkongwe ndio mahali pekee katika safari hii ambapo mchana unatembeleka, kwa sababu kuta ndefu na vichochoro vyembamba vinatunza kivuli. Mabega na magoti yafunikwe, wenyeji wanaishi hapo. Urojo, ile supu ya Kizanzibari, unywe jioni kwa muuzaji mwenye foleni. Forodhani, bustani ya vyakula vya usiku, uliza bei kabla ya kuonyesha kidole, na uombe kilichochomwa sasa hivi, kwa maana mishikaki mingine huzunguka mezani usiku kucha ikipashwa na kupashwa tena. Juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi ni tamu mno, lakini tumbo changa liinywe bila barafu. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari: mchana usile wala kunywa hadharani, panga kula baada ya magharibi, na utakula vizuri kuliko mwezi mwingine wowote.

Kwenda shamba, yaani nje ya mji, panda daladala. Namba 116 inakwenda Nungwi, 118 Matemwe, 309 Jambiani, 324 Bwejuu, 326 Kizimkazi. Uliza mapema gari inaanzia Darajani au Kijangwani. Njia za kusini hupita lango la msitu wa Jozani wenye kima punju: shuka hapo asubuhi, kisha dandia gari nyingine. Begi hupelekwa juu ya gari, kwa hiyo vya thamani ubaki navyo. Kiza kikiingia magari huwa adimu. Fedha taslimu toa mjini kabla hujaondoka.

Haya, maji. Watu hulipa chumba pwani ya mashariki, wakaamka na kukuta bahari imehama. Haijahama, imekupwa. Paje, Jambiani, Bwejuu na Matemwe zina maji mafupi ndani ya mwamba, na maji ya bamvua (yale yanayojaa na kukupwa kuliko kawaida) yakikupwa unaweza kutembea mbali sana bila kulowa magoti. Wapwani huhesabu kwa mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani kuanzia tarehe 1 na 15 za Kiislamu na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Unguja siku hizo bahari hukauka karibu saa nne au tano asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wiki moja baadaye, karibu na tarehe 8 na 22, ni maji mafu: hayaendi mbali, na kujaa kunaangukia asubuhi. Kwa hiyo mwenye hamu ya kuogelea mashariki aje wakati wa maji mafu, na mwenye hamu ya kutembea mwambani aje bamvua. Asiyetaka hesabu hii aende Nungwi au Kendwa, ambako huogelewa hata maji yakikupwa.

Kutembea mwambani kuna kanuni moja ngumu. Ondoka saa moja kabla maji hayajafika mwisho wa kukupwa, na yakianza kujaa geuka hapo hapo. Maji hayaji kwa mbele peke yake. Hujaza kwanza mifereji iliyo nyuma yako. Vaa raba kuukuu, kwani kandambili hutoka mguuni na miambani kuna wale wanyama wa miiba myeusi. Mwiba ukiingia, loweka mguu katika maji ya moto unayoweza kuvumilia, toa kinachoshikika, kilichozama mwachie daktari. Kamba na vijiti unavyoviona ni mashamba ya mwani ya akina mama, pita pembeni. Paje msimu huu imejaa vishada vya kuteleza majini, na kamba zake zinakata. Ogelea mbali navyo. Shati la mikono mirefu livaliwe hata majini, mgongo hauonyeshi umeungua hadi usiku.

Kurudi, tiketi inunuliwe mapema zaidi ikiwa tarehe zinagusa mwisho wa mwaka au Januari 12, siku ya Mapinduzi. Anayelala Nungwi na ana boti ya asubuhi ashuke mjini jana yake, kwa sababu daladala haina haraka na boti haisubiri.