Kipandikizi, kiraka au gango?

Swali: Ninahariri makala kuhusu nyenzo zinazojaribiwa katika upasuaji wa mapafu na njia ya hewa. Mwandishi ameviita vitu vyote "pandikizi": utando unaobandikwa juu ya pafu linalovuja hewa, mrija unaowekwa mahali pa sehemu ya koromeo iliyokatwa, hata kifaa kinachozungushiwa bronki (tawi la njia ya hewa linaloingia pafuni) ya mtoto. Je, matumizi hayo ni sahihi?

Jibu: Kwa maoni yangu neno hilo linafaa kwa kimoja tu kati ya vitatu, na hata hapo ningelibadilisha umbo. "Pandikizi", katika ngeli ya li-ya, tayari lina kazi nyingine: pandikizi la mtu ni mtu mkubwa mno wa umbo, na katika siasa pandikizi ni yule aliyeingizwa kwa siri katika kundi la wapinzani. "Kipandikizi" halina mzigo huo, na wasomaji wamelizoea kupitia vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa chini ya ngozi. Ni kweli kwamba vijiti hivyo havina uhai wala haviungani na mwili, na kwa hiyo matumizi hayo yamekwisha kuilegeza maana. Lakini katika upasuaji wa njia ya hewa ulegevu huo una madhara.

Kitenzi "kupandikiza" kimetoka shambani. Mche huhamishwa kutoka kitaluni na kupandwa mahali pengine, na mkulima hasemi kazi imekamilika mpaka uwe umeshika. Ndivyo ilivyo kwa figo, na ndivyo inavyotarajiwa kwa aota ya marehemu, yaani mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, ambayo daktari mpasuaji Emmanuel Martinod na wenzake mjini Paris wameitumia kuziba pengo la njia ya hewa, wakiiegemeza kwa stenti (kifaa cha mrija kinachowekwa ndani kuiacha wazi) ili isibonyee. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha kwamba gegedu jipya linaweza kujengeka humo. Hicho ni kipandikizi bila shaka, kwa sababu kinawekwa ili mwili ukifanye kuwa wake.

Utando unaotokana na mfuko wa moyo wa ng'ombe, unaoshonewa kando ya mkato wa pafu ili hewa isivuje, uitwe kiraka au utando wa kuimarishia mshono. Kifaa cha mtoto ni gango. Mwaka 2012 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walizungushia bronki ya mtoto mchanga gango la polikaprolaktoni (plastiki inayoyeyuka polepole mwilini) lililochapwa kwa printa ya pande tatu, nalo lilikaa nje ya bronki, likaizuia isijifunge kila anapopumua, likitarajiwa kuyeyuka lenyewe baada ya miaka michache. Hapo hakuna kilichopandikizwa, na neno letu la zamani la kuunga mifupa linaieleza kazi hiyo vizuri kabisa.

Mrija wa plastiki uliolowekwa seli za mgonjwa ndio mgumu kuuita jina. Mwaka 2011 mjini Stockholm, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa mrija wa aina hiyo, na habari zikaenea kwamba mtu huyo amepandikizwa koromeo jipya. Kitenzi hicho kiliwaahidi wasomaji kwamba mrija umeshika, kumbe haukuwa umeshika: wagonjwa wote watatu waliowekewa mirija hiyo mjini humo walifariki, na mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimtia daktari huyo hatiani kwa kuwadhuru vibaya, ikamhukumu kifungo cha miaka miwili na nusu. Sidai kwamba neno liliwaua. Nasema kwamba lilitangulia ushahidi, na mhariri ana wajibu wa kulizuia. Kitu kama hicho kiitwe "kiunzi", kwa kuwa kinatoa umbo tu ambalo seli zinatumainiwa kulijaza, na kitenzi chake kiwe "kuwekewa".

Usiliondoe pia fungu "cha majaribio", hata kama kichwa cha habari kitarefuka. Badala ya "Mgonjwa amepandikizwa koromeo la plastiki", andika: "Mgonjwa amewekewa kiunzi cha majaribio cha plastiki mahali pa koromeo lake, na madaktari wanafuatilia kama tishu zitaota juu yake."