Wati elfu kumi na mbili, na maneno bado hayasikiki

Tangu wiki iliyopita simu yangu haipumui. Wana-L'shi, yaani watu wa Lubumbashi, wameingiwa na hamu ya homu sinema (sauti ya sinema nyumbani), kila mtu anataka helikopta impite juu ya utosi akiwa amekaa sebuleni kwake. Si vibaya. Ila maswali mengi yanafanana kama mapacha, basi nimechukua machache. Mliouliza "marka gani ni nzuri?" (mko kumi na mmoja, nimewahesabu) mtajibiwa wote pamoja.

Mukubwa, niko na bafle (spika) mbili na tele ya inchi 43. Niongeze za nyuma kwanza ao sabufa? — Kijana wa Kamalondo

Wala moja wala nyingine. Nunua ya katikati. Katika filamu iliyorekodiwa kwa 5.1, yaani bafle tano na sabufa moja, karibu mazungumzo yote hutokea hapo. Watu hukimbilia za nyuma kwa sababu mgeni akiingia anaziona zimetundikwa ukutani, kisha filamu ikianza wanashika telekomande kama usukani: maneno yakija wanapandisha, bomu likilipuka wanashusha. Bafle ya katikati ikae chini ya tele, uso wake ukitazama masikio yako. Kama meza ni fupi, iinue mbele kwa kipande cha mbao. Usiifungie ndani ya kabati, itaongea kama mtu aliyetumbukia kwenye pipa.

Baada ya hiyo, sabufa. Sasa una 3.1, na 3.1 iliyopangwa vizuri inaiaibisha 7.1 iliyotapakaa ovyo.

Siku utakapofika kwenye "za nyuma", jina lenyewe lisikudanganye. Katika 5.1 haziwekwi nyuma ya kisogo. Kaa mahali pako, nyoosha mikono pembeni, kisha irudishe nyuma kidogo: vidole vinapoelekea ndipo pake, kama nyuzi 110 kutoka katikati ya tele, juu kidogo ya masikio. Zile mbili za mbele ziwe nyuzi 30 kila upande. Bila kipimo cha fundi, maana yake ni hii: zikiachana mita mbili na nusu, nawe kaa mita mbili na nusu kutoka kila moja.

Adui mkubwa ni kochi lililobanwa ukutani. Livute mbele hata nusu mita. Ninazijua sebule zetu: makochi manne, meza, kabati la vyombo, friji. Toa kochi moja. Wageni watakaa kwenye viti vya plastiki, hawajaja kulala. Pesa ya kochi hilo nunua zulia na pazia nzito, maana sementi tupu na ukuta mtupu vinarudisha sauti mpaka kila neno linakuwa matatu.

Marka gani ni nzuri?

Ile ambayo fundi wa hapa Lubumbashi anaweza kuifungua na kupata vipuri vyake. Sitalijibu tena mwaka huu.

Nimeona homu sinema moja sokoni Kenya, hapa hapa Lubumbashi, sanduku limeandikwa wati 12,000 PMPO. Bei ni ndogo sana. Nichukue? — Papa wa Ruashi

Papa, tupige hesabu ya shule ya msingi. Prizi ya ukutani ya ampea 16 kwenye volti 220 inatoa wati 3,520, basi. Hizo 12,000 zingehitaji zaidi ya ampea 54; waya za nyumba zingeyeyuka kabla filamu haijaanza. PMPO ni namba ya kuuzia sanduku. Geuza chombo, soma kibandiko cha nyuma kinachosema kinakula wati ngapi. Ukikuta 90, jiulize hizo nyingine 11,910 zinatoka mbinguni? Namba ya kutafuta ni RMS, yaani wati za kweli zinazotoka mfululizo, kwa kila bafle, na hapo pia usiwe na tamaa. Kutoka wati 50 kwenda 100 sikio linasikia nyongeza ndogo tu. Ili sauti isikike mara mbili, wati zizidi karibu mara kumi. Sebule ya mita nne kwa tano inashiba kwa 50.

Bafle za nyuma zimenyamaza kabisa. Ninacheza filamu kutoka simu kwa Bluetooth. — Mwanafunzi, Kampemba

Bluetooth ya simu inabeba njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia. Za nyuma ziseme nini? Filamu icheze kwenye tele, kisha pitisha waya wa HDMI kwenye tundu la tele lililoandikwa ARC mpaka kwenye ampli (chombo kinachosukuma bafle), halafu kwenye mipangilio ya sauti ya tele chagua bitstream. Tele ya zamani isiyo na ARC, tumia waya wa optiki, nao unabeba Dolby Digital ya 5.1.

Ukimaliza hayo na bado kimya, tazama kioo cha ampli. Kikiandika stereo, kosa liko kwenye filamu. Hizo mnazojaziwa kwenye flashi zimekamuliwa mpaka zimebaki njia mbili, wakati mwingine na sauti ya mtafsiri imebandikwa juu. Unanunua bafle sita halafu unazilisha makombo! Na usibonyeze ile hali inayotoa stereo kila bafle ukadhani umepona. Hiyo ni ya harusi.

Mume wangu ameweka sabufa kwenye pembe nyuma ya mlango. Mabati yanatetemeka, jirani haniitikii salamu. — Mama wa Katuba

Mama, pole. Pembe ya nyumba inakuza besi, kuta mbili na sakafu zinaisukuma pamoja. Mwambie aibebe sabufa aiweke juu ya kochi analokaliaga, acheze wimbo wenye besi inayotembea, kisha yeye mwenyewe atambae kwa magoti kuzunguka sebule. Pale besi inaposikika safi, bila kuvuma, ndipo sabufa ikae. Wewe na watoto mtacheka, lakini mafundi wakubwa hufanya hivyohivyo. Kwenye ampli aweke mpaka wa Hezi 80: chini ya hapo sabufa, juu ya hapo bafle nyingine. Chini ya sabufa atie kipande cha godoro kuukuu. Usiku awashe hali ya usiku, inapunguza mabomu na kuacha maneno. Besi inapita ukuta wa tofali kirahisi. Jirani hasikii filamu, anasikia du-du-du. Na kwa jirani aende yeye, si wewe.

Yaya wangu (ndugu yangu mkubwa) anatuma ampli kutoka Marekani. Kuna shida? — Bel-Air

Ipo, kama utaichomeka bila kusoma. Kwao ni volti 120, kwetu 220. Nyuma kukiandikwa 100–240, endelea. Kukiwa na swichi ya volti, igeuze kwanza. Ikiwa 120 peke yake, tafuta transfoma ya kushushia yenye uwezo mkubwa kuliko wati za kibandiko. Ukijumlisha bei yake na ya usafiri, pengine heri yaya atume pesa.

Delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) inaharibu vyombo kweli? — Wengi

Kukatika si neno, shida ni kurudi. Ampli yangu ya kwanza iliungua saa nane ya usiku umeme uliporudi kwa kishindo, mimi nimelala. Ukikatika, chomoa, ukirudi, ngoja dakika tano. Regulatere, chombo cha kutuliza volti, nunua pamoja na ampli, si baada ya msiba. Radi ikianza kunguruma, chomoa pia waya wa antena. Wengi huchomoa prizi wakaisahau antena.

Waya nyekundu na nyeusi za bafle, ni urembo? — Kijana yuleyule wa Kamalondo

Hapana. Ukigeuza waya za bafle moja, yenyewe inavuta wakati mwenzake anasukuma, na besi inakufa. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha sebuleni, si ule wa simu. Na zima ampli kabla hujagusa: nyuzi mbili zikigusana nyuma pale, utanipigia tena, na sitakuwa na la kukuambia.