Kichupa cha nano na ufa wa usukani

SWALI: Papa Fundi, jambo sana. Mimi ni kijana wa Katindo, hapa Goma. Mwaka jana nilinunua kinga (baiskeli) ya kaboni iliyokwisha kutumika, kutoka Kigali. Usukani wake umeandikwa "nano", na aliyeniuzia aliapa kwamba hauvunjiki. Mwezi uliopita nilianguka kwenye mawe ya lava, njia ya Sake. Sasa naona mstari mwembamba kama unywele, karibu na pale usukani unapobanwa. Rafiki ananiuzia kichupa cha maji ya nano kwa dola 15, ati nikipaka mara mbili ufa utajifunga. Nipake?

JIBU: Mwanangu, dola zako zikae mfukoni na kinga ikae ndani ya nyumba.

Usukani wa kaboni ni nyuzi zilizopangwa tabaka juu ya tabaka, zikashikwa na rezini, yaani gundi ya epoksi iliyogandishwa kiwandani. Ukizivuta kwa urefu, nyuzi hizo zina nguvu ya ajabu. Udhaifu uko kati ya tabaka na tabaka, penye gundi tupu. Muulize anayechonga chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo: kuukata mkaratusi kwa upana ni jasho, lakini shoka likifuata nyuzi, mti unafunguka wenyewe. Ufa wa kaboni nao unapenda njia hiyo.

Nano, yaani vitu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, inatafuta kuziba njia hiyo. Mirija ya kaboni, ambayo Mjapani Sumio Iijima aliieleza mwaka 1991, ina upana wa nanomita chache tu (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni); unywele wako una nanomita kama 80,000. Ikikorogwa ndani ya rezini kabla haijaganda, inakuwa mishono midogo: ufa ukianza kutembea, unakuta mirija imekatiza mbele yake. Mmarekani Floyd Landis alipanda baiskeli ya namna hiyo, ya kampuni ya BMC, akashinda Tour de France ya 2006, yale mashindano makubwa ya baiskeli, na fremu yake haikufika kilo moja. Ushindi alinyang'anywa kwa sababu ya dawa za kuongeza nguvu, fremu haina kesi.

Kazi iko katika kukoroga. Mirija hushikana yenyewe kwa yenyewe, kama unga uliomwagwa kwa pupa katika maji ya moto. Uji wa mabonge unauvumilia, lakini bonge likibaki ndani ya rezini, ufa unaanzia hapo hapo. Kwa hiyo neno "nano" kwenye usukani halikuambii kitu kama humjui aliyekoroga.

Sasa kichupa chako. Rezini ikishaganda haipokei tena mgeni. Maji hayo yatakaa juu ya rangi, yatang'aa, pengine yatafukuza matope. Nyuzi zilizokatika ndani hazitapata habari.

Watu hupima kaboni kwa kuigonga na sarafu. Sisi sarafu hatuna, mimi natumia mgongo wa kijiko. Penye uzima panalia tik, kavu. Tabaka zikiachana sauti inakuwa nzito, kama unagonga katoni. Lakini usiniamini sana hapo. Niliwahi kusikia tik safi kwenye usukani wa mteja mmoja, nikamwambia nenda. Ulikatika kwenye mteremko, akapoteza meno mawili. Tangu siku hiyo, nikiona mstari karibu na kibano sigongi tena, nafungua na kuutoa.

Na huenda lava unaisingizia. Ufa wa mahali hapo mara nyingi ni wa fundi aliyekaza kaboni kama anakaza bomba la chuma. Bolti za kibano nyingi zinataka nyutonimita 5 hivi (soma namba iliyoandikwa pembeni yake), sawa na kilo 5 zikining'inia mwisho wa ufunguo wa sentimita 10. Mkono wenye hasira unapita hapo bila kujua.

Nunua usukani wa alumini. Kwa njia ya Sake hakuna atakayekucheka. Ule wa zamani usiukate kwa msumeno uani, vumbi lake linawasha ngozi na mapafu hayalitaki. Niletee. Nitautundika ukutani karibu na ule wa mteja wangu.